Maji ya Jumapili

Kalamu alifungua bomba, akanawa mikono, akalifunga. Halafu akalifungua tena. Maji yalitoka, hakuna ubishi, ila yalitoka kwa kujivuta, uzi mwembamba ulioshindwa hata kuondoa povu la sabuni vidoleni. Akatazama saa yake. Ilikuwa saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Ijumaa, ghorofa ya juu ya jengo ambalo wasichana arobaini na wawili walikuwa wahamie Jumatatu.

"Yatakuja tu," alisema Mwalimu, mwenye jengo, aliyesimama mlangoni akiwa na furaha usoni tangu alfajiri. "Asubuhi huwa yanasuasua. Ngoja ifike saa nne, ukifungua hapo utalowa mpaka kifuani."

Mwalimu alisema hivyo ili kumtuliza, lakini maneno yenyewe yalimkaa Kalamu vibaya.

"Yanasuasua kila asubuhi?"

"Siku za kazi. Kile kiwanda cha barafu pale ng'ambo kikishaanza kuvuta, mtaa mzima unabaki na kiu. Achana na bomba, mama, njoo nikuonyeshe vitanda."

Jengo lilikuwa ghala la pamba zamani hizo. Kuta zake za mawe zingeweza kusimama miaka mia nyingine, lakini sakafu ya juu ilikuwa ya mbao, dari mbao, ngazi mbao, na ngazi ilikuwa moja tu. Madirisha yalikuwa na nondo. Mwalimu alistaafu, akachukua kiinua mgongo chake chote akakizamisha humo, akakata vyumba ishirini na kimoja, vitanda viwili viwili, kwa ajili ya wanafunzi wa chuo cha uuguzi kilicho barabara ya pili. Watu wa zimamoto walipokuja walitazama mbao zile, wakatazama nondo, wakamwambia hapati leseni mpaka aweke vinyunyizio vya kuzimia moto juu ya kila kitanda.

Makampuni makubwa yaliikataa kazi hiyo kwa sababu ilikuwa ndogo na jengo lilikuwa bovu. Kwa Kalamu ndiyo kazi hasa. Alikuwa mchoraji wa mifumo ya vinyunyizio, na watu wa saiti walimbandika jina hilo kwa ile kalamu ya risasi iliyokuwa haitoki kwenye nywele zake. Riziki yake ilikuwa majengo makongwe yaliyogeuzwa kazi: kinu kilichogeuzwa zahanati, stoo ya viatu iliyogeuzwa shule ya chekechea. Alijua kwamba jengo kuukuu halisemi kweli. Ukuta unaouona umenyooka umepinda, na boriti moja iliyokaa vibaya inaweza kukinga maji yote yakaosha mbao huku kitanda kikiungua. Kwa hiyo alitambaa kwa tumbo darini siku tatu, akapima boriti moja baada ya nyingine. Na kitu alichojivunia zaidi ni kwamba ghala hilo lilifanya kazi bila tangi wala pampu. Paa lisingebeba tangi, ua ulikuwa mwembamba, lakini bomba kuu la mtaani lilikuwa na nguvu ya kutosha. Geji, kile kipimo cha nguvu ya maji, ilisema hivyo. Tatu nukta nane.

Mwalimu alimwingiza chumba namba kumi na nne, cha pembeni kabisa. Juu ya kila mto alikuwa ameweka kipande cha sabuni kipya, kwenye karatasi yake.

"Zawadi," alisema kwa haya kidogo. "Wajione wamepokewa."

Kalamu hakuitazama sabuni. Alitazama juu, kwenye kile kinyunyizio kidogo cha shaba chenye kichupa cha kioo chekundu, ambacho joto la moto likikifikia hupasuka na kuachia maji. Hicho ndicho kilikuwa cha mwisho. Mchoraji huanzia hesabu zake zote hapo, kwenye kichwa cha mbali kabisa na bomba kuu, kwa sababu kikipata maji hicho, vingine vyote vimepata. Ili maji yafike hapo, nguvu ya bomba la mtaani haikutakiwa kushuka chini ya mbili na nusu.

"Muhuri, mama," Mwalimu alikumbusha. "Ulisema leo unapiga muhuri kwamba mfumo umepita, nipate leseni."

"Nilisema leo. Sasa nasema Jumatatu."

"Jumatatu wanaingia!"

"Nitakuja kabla hawajaingia."

Mwalimu alicheka, cheko la mtu asiyetaka kugombana na anayemhitaji. "Haya. Nimefundisha miaka thelathini, sijaona mtu anayekataa kumaliza mtihani ambao ameshaufaulu."

Nyumbani Kalamu hakuvua hata viatu. Alichomoa faili kwenye kabati, akaimwaga juu ya meza ya kulia chakula, ambayo ndiyo ilikuwa ofisi yake kila wakati usio wa chakula. Karatasi ya vipimo ilikuwa ya tatu kutoka juu. Mwandiko ulikuwa wa babamkwe wake, mkubwa, umesimama wima. *Jumanne, saa moja asubuhi. Maji yakitoka: 3.8.* Mahali pa msomaji alikuwa ametia saini. Mahali pa mwandishi alikuwa ametia saini hiyo hiyo.

Alikaa akaitazama tarehe. Kisha akaenda kwenye droo ya dawa, akatoa kadi ya kliniki ya mzee, akailaza kando ya karatasi. Tarehe zililingana. Jumanne ile, saa moja asubuhi, mzee hakuwa mtaani na geji. Alikuwa kwenye benchi la hospitali, hajala kitu, anasubiri kutolewa damu, na aliyekuwa amekaa naye ni yeye Kalamu mwenyewe.

Hasira ilimpanda, na haikuanzia kwa mzee. Ilianzia kwake. Karatasi hiyo ilimfikia mkononi miezi mitatu iliyopita, siku moja tu baada ya kliniki, na hakuisoma juu wala chini. Alisoma namba peke yake, na namba ilimpendeza. Ilimwondolea tangi, ilimwondolea pampu, ilimpa ramani safi ya kujivunia. Mtu hakagui zawadi.

Mzee alikuwa uani, amekaa kwenye kiti chake, anapaka spana zake mafuta. Miaka thelathini na moja alifanya kazi idara ya maji, na mtaa mzima ulimwita Mzee Geji. Alipostaafu alikauka. Alikuwa anaweza kukaa kutwa nzima hajasema ila kuuliza kama redio ina betri. Kalamu alipoanza kumpa kazi za kupima maji ndipo mzee alipoanza tena kunyoa ndevu kila asubuhi na kugombana na majirani, na watu wa nyumbani wakashukuru.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema, wamekufukuza?"

"Bado. Baba, yale maji ya ghala ulipima lini?"

"Si nimeandika?"

"Umeandika Jumanne."

"Basi Jumanne."

"Jumanne hiyo tulikuwa kliniki, mimi na wewe. Ulimwambia yule nesi asimalize damu yote, na wenzake wanaitaka."

Mzee aliendelea kuifuta spana ambayo ilikuwa imeshang'aa. "Basi Jumatano. Mtu wa umri wangu utamkalia kooni kwa siku moja?"

"Baba, ni lini?"

"Maji ni maji!" Sauti ilimpanda ghafla. "Bomba lile nimelilaza mimi, wewe hujazaliwa. Leo unanihoji habari za bomba langu? Namba si umeipata? Ramani si umechora? Watu si wamekusifu?"

Akazikusanya spana kwenye kitambaa, akazikumbatia, akaingia chumbani kwake. Mlango aliufunga taratibu. Kalamu alitamani angeubamiza.

Mumewe alirudi jioni na harufu ya chuma kilichochomelewa. Watu wote walimwita Fundi, hata mkewe akiwa amechukia. Yeye na vijana wake wanne ndio waliofunga mabomba ya ghala, wakafuata ramani ya mkewe inchi kwa inchi. Kalamu alimwacha anawe, akamwacha aketi, akampakulia, ndipo akamweleza. Fundi alisikiliza tonge likiwa mkononi.

"Inahitaji nini?" aliuliza.

"Tangi la chini, kule uani, na pampu. Shimo lenyewe lichimbwe kwa mkono, hakuna mashine itakayopita pale."

"Na bei tuliyompa Mwalimu ilikuwa ya kazi nzima."

"Kazi nzima."

"Kwa hiyo tangi ni letu. Pampu yetu. Shimo letu." Alilirudisha tonge sahani. "Mke wangu, nisikilize. Piga muhuri. Jumatatu waingie, Mwalimu apate kodi yake, sisi tupate malipo ya mwisho. Mwezi wa tatu tunarudi kimya kimya tunafunga pampu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe nawe unajua mambo mengi mno."

"Fundi."

"Moto gani unawaka saa moja asubuhi? Niambie. Asubuhi watu wako macho."

"Wanafunzi wa uuguzi wanaingia zamu asubuhi. Arobaini na wawili wanaamka pamoja, kila mmoja na hita yake ya kuchemshia maji ya kuoga, zote kwenye nyaya zile za Mwalimu. Unataka moto wao uwake saa ngapi?"

Fundi hakuwa mtu mbaya, na hesabu hiyo aliielewa mara moja. Ndiyo maana alikasirika.

"Kwa hiyo Jumatatu nikasimame mbele za watu nimwite baba yangu mwongo. Ndicho unachotaka? Umemwona alivyokuwa, umemwona alivyo sasa. Amerudi kuwa mtu. Wewe unataka kumvua nguo barabarani."

"Sitaki kumvua nguo. Nataka kujua kwa nini alifanya hivyo."

Mlango wa chumba cha mzee ulifunguka. Alitoka amevaa kofia yake, akapita katikati yao bila kumtazama yeyote, akachukua sahani yake mezani.

"Chumvi imezidi," alisema, naye hajaonja. Akarudi nayo chumbani.

Saa ya kupima maji siku ya Ijumaa ilikuwa imeshampita, na kiwanda cha barafu hakikufanya kazi Jumamosi wala Jumapili. Mpaka Jumatatu asubuhi hapakuwa na kipimo chochote cha maana ambacho Kalamu angeweza kuchukua, na hilo lilimtesa kuliko kosa lenyewe. Hakuweza kutulia. Jumamosi alirudia hesabu mara tatu, kila mara akiomba jibu jingine. Alifua nguo safi. Alifungua bomba la jikoni, akalisikiliza, akalifunga, mpaka Fundi akamwambia hilo bomba likiweza kusema lingeshamwomba talaka. Akiwa dukani alijikuta anatazama dari, anahesabu boriti. Mwenye duka akamuuliza kama kuna panya.

Alimpigia Mwalimu simu, akamwambia pana shaka juu ya maji na kwamba Jumatatu watapima upya, kwa hiyo awazuie wasichana siku mbili tatu.

"Shaka?" Mwalimu alisema. "Mabomba yamefungwa, rangi imepakwa, wazazi wameshalipa, chuo kimeshawatoa mabweni ya zamani. Unaniletea shaka Jumamosi?" Alivuta pumzi. Alipoendelea aliacha kumwita mama. "Sikiliza, dada. Nilikupa kazi hii watu wakiniambia nitafute mwanamume. Usinifanye nijute. Jumatatu pima, namba iwe nzuri, piga muhuri, waingie. Malori nimeshayakodi."

Jumapili saa moja asubuhi alikwenda ghalani peke yake. Mlinzi alimfungulia. Alipanda ngazi, akaingia bafuni, akafungua lile bomba la kunawia. Maji yalimrukia kwa nguvu hata akarudi nyuma, gauni likamlowa kuanzia kifuani hadi magotini. Alisimama pale akichuruzika maji, hana haja ya geji.

Mzee alikuwa uani aliporudi. Aliliona gauni, akajua.

"Umetoka ghala."

"Ulipima Jumapili, Baba."

Mzee hakubisha. Alinyoosha mikono yake yote miwili mbele, viganja chini, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Ilitetemeka. Haikutetemeka kidogo. Kalamu alimfahamu mzee huyo miaka kumi na miwili, na sasa ndipo alipogundua kwamba kwa muda mrefu hajaiona mikono hiyo ikiwa mitupu. Daima ilikuwa mfukoni, au imekumbatia kitu, au inasugua spana.

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka jana. Mfuniko wa bomba la zimamoto pale ghalani mimi naufungua kwa pumzi moja, mwanangu. Pumzi moja. Siku ile ulinichukua saa nzima. Spana ilianguka mpaka nikaacha kuhesabu. Ningekwenda Jumanne, watu wangekaa ukutani kunitazama, na watu wenyewe ni wale wale niliokuwa nawakatia maji wasipolipa." Aliirudisha mikono mapajani. "Jumapili hapana mtu pale. Hata mbwa hapiti."

"Na mwandishi? Wewe ndiye uliyenifundisha. Mmoja asome kwa sauti, mara tatu, mwingine aandike. Hasomi na kuandika mtu mmoja."

"Mwandishi angekuwa wewe. Ungeona."

"Ungeniambia ningekushikia spana."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Kalamu alimwonea huruma, na papo hapo alikuwa na hasira naye bado, na hakuna kimoja kilichompisha mwenzake. Alitaka kumshika ile mikono, akaogopa kwamba ndilo jambo ambalo mzee asingelisamehe.

"Kesho tunapima tena, Baba. Saa moja."

"Pimeni. Tafuteni kijana mwenye mikono."

Jumatatu, saa moja kasorobo, mtaa ulikuwa umeshachangamka. Wafanyakazi wa kiwanda cha barafu walikuwa wanaingia getini mmoja mmoja, na wengine waliokuwa wanasubiri usafiri walipanga mstari ukutani karibu kabisa na lile bomba la zimamoto lililo mbele ya ghala, ambapo maji ya mtaa hupimwa. Fundi alikuwa amekuja. Tangu Ijumaa hakusema neno juu ya jambo hilo, lakini asubuhi alibeba geji na spana bila kuombwa, na kwa Fundi huko ndiko kuomba radhi.

Mwalimu alisimama kwenye ngazi za jengo lake amevaa koti. Nyuma yake malori mawili yalikuwa yameshaegeshwa, na wasichana walikuwa wanashuka na magodoro, ndoo, masanduku, wakiitana na kucheka. Mmoja alikuwa ameshajitwika godoro lake kichwani, anasubiri mlango ufunguliwe.

"Haraka basi," Mwalimu alisema. "Namba, muhuri, twende."

Fundi aliinama kwenye mfuniko.

"Nani anasoma?"

Waligeuka. Mzee alikuwa amesimama nyuma yao, amevaa ovaroli yake ya buluu ya idara ya maji, vifungo vimepishana, kimoja hakikupata tundu lake.

"Nasoma mimi," Fundi alisema.

"Wewe ni mchomeleaji. Lete spana."

"Baba, nami naweza—"

"Lete."

Fundi alimtazama mkewe. Kalamu alichomoa kalamu kwenye nywele, akaikunjua karatasi mpya. "Mpe," alisema.

Mzee alipiga goti moja, kisha la pili. Spana iligonga mfuniko, ikateleza, ikagonga tena pembeni, kwa mlio wa haraka haraka ambao kila mtu aliyekuwa ukutani aliusikia. Aliitia, ikatoka. Aliitia kwa mikono miwili, ikaanguka kwenye mtaro.

"Mzee, hilo bomba linakung'ata?" mtu mmoja aliuliza, na mstari mzima ukaangua kicheko. Wasichana nao waligeuka kutazama kuna nini, wakaanza kubana midomo wasicheke.

Fundi alipiga hatua. Kalamu alimdaka mkono wa shati.

"Wanamcheka," Fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Naona. Mwache."

"Ni baba yangu."

"Mwache, nakwambia. Amekuja mwenyewe."

Machozi yalikuwa yanamtoka Kalamu na aliyafuta kwa karatasi aliyotakiwa kuiandikia. Mzee aliiokota spana. Ilianguka tena. Akaiokota. Hakumtazama mtu, alitazama mfuniko tu, akiusemesha maneno ya idara ya maji yasiyofaa kusikiwa na wakwe. Kicheko cha ukutani kilipungua chenyewe, maana hata kucheka kunachosha asiyechekwa akiendelea na kazi. Mara mfuniko ukalia, ukazunguka.

Fundi alifunga geji. Mzee akafungua vali. Maji yaliruka, yakakimbilia mtaroni, na mshale wa geji ukapanda mpaka tatu. Ulisimama hapo kidogo. Kisha ng'ambo ya barabara mashine za barafu ziliunguruma, na mshale ukaanza kushuka. Mbili na nusu ukaipita. Mbili ukaipita.

Mzee aliusogelea uso wa kioo. Aliposoma, alisoma kwa sauti ile ya zamani ya wapimaji, inayotoka tumboni ili mwandishi asikie hata gari likipita.

"Moja na robo!"

Kalamu akaandika.

"Moja na robo!"

Akaandika.

"Moja na robo!"

Akaandika mara ya tatu, akapiga mstari chini.

"Andika siku," mzee alisema. "Andika saa. Halafu ile ya kwanza iandike hapo chini, sema ilipimwa Jumapili, na jina langu uliweke."

Mwalimu alikuwa ameshuka ngazi. "Moja na robo ni nzuri au ni mbaya?"

"Ni mbaya, Mwalimu," Kalamu alisema. "Kwa maji haya, chumba cha kumi na nne kikishika moto kinapata matone."

"Matone hayazimi?"

"Hayawezi kulowesha hata mto."

Mwalimu alitazama malori, akatazama koti lake. "Na tatu nukta nane mliyoniambia? Nani alikosea?"

"Mimi. Muhuri ni wangu."

"Muhuri wake, namba yangu," mzee alisema akiwa bado amepiga magoti, kwa sababu kuinuka kulikuwa kunamshinda. "Usigawe kosa langu kwa watoto."

"Litahitajika tangi na pampu," Kalamu aliendelea haraka. "Wiki sita."

"Tangi kwa fedha ya nani?"

Kalamu alifungua mdomo, lakini aliyejibu ni Fundi. "Yetu. Nina gari la kazi, nitaliuza. Tutabeba mabomba kwa mkokoteni."

Mwalimu alikaa kwenye ngazi na koti lake. Hakufoka, na ingekuwa nafuu angefoka. "Wazazi wao niliwaambia leo," alisema. "Nimewawekea sabuni." Alitakiwa asimame awaambie wasichana, akajaribu, akashindwa, akatikisa kichwa. Ikabidi Kalamu apande zile ngazi.

Aliwaambia kwa maneno machache. Kwamba jengo halijapita, kwamba hakuna atakayelala humo mpaka lipite, kwamba wanafunzi warudi makwao, na walio mbali wapokewe na wenzao. Kelele ilizuka kabla hajamaliza. Walisema wamelipa. Walisema mitihani iko mlangoni. Mmoja alilia. Walisema huo ni utapeli, na wengine wakamuuliza kama yeye ana mtoto, na kama mtoto wake angelala wapi leo. Kalamu alisimama akayapokea yote.

Yule mwenye godoro kichwani ndiye aliyemwona mzee, ambaye Fundi alikuwa ameshamwinua na kumshika kiwiko.

"Kwa hiyo ni huyu?" alisema kwa nguvu. "Tunafukuzwa kwa sababu ya kizee kinachotetemeka? Mkono wenyewe haushiki spana, ndiyo atuambie habari za moto! Si akafie nyumbani kwake!"

Wengine waliona amepita kiasi. Fundi alimgeukia, lakini mzee alimrudisha nyuma.

"Sema yote, mjukuu wangu, usibakishe," alisema. "Ukimaliza, nenda kwenu ukalale. Na kesho uamke."

Msichana alisonya. Aligeuka na godoro lake, akalirusha loriani, na wenzake wakaanza kupanda nyuma yake, wakivutana mikono, wakilaani. Kalamu alishuka ngazi akaenda kusimama kando ya barabara. Malori yalipoanza kuondoka aliwahesabu mmoja mmoja, akarudia kuwahesabu, mpaka akawapata wote arobaini na wawili. Wote walikuwa wamenuna.